Ubao wa Wiki ya Kufagia

Esslingen, 9 Juni 1996

Mume wangu mdogo Gerold,

Nakusalimu kwa sababu nimelelewa, si kwa sababu unastahili. Mimi mzima. Goti la mdogo wangu Leni limevimba tena, anasema ni hali ya hewa; mimi nasema ni keki. Mama yako alinipigia simu kutoka Heilbronn analia, nikajua umekufa. Nikamwambia afute kamasi kwanza ndipo anipe msiba. Kumbe hujafa, umenunua nyumba.

Tena nyumba yenyewe iko Leipzig, kule mashariki ambako juzi juzi tu hatukuweza kutia mguu, na umeinunua kwa kutazama picha. Jamaa mwenye tai kaja dukani kwako kujaribu miwani, kakufungulia kijitabu chenye rangi, ukaona ghorofa nne na malaika wa plasta juu ya mlango, ukatia sahihi. Wewe umesomea macho ya watu, Gerold. Kutwa unawaambia wazee wa watu wasome herufi ya chini kabisa ukutani, halafu ya chini kwenye mkataba wako hukuisoma. Mimi shule sijaikanyaga. Nilichunga mabata bukini ya watu kando ya Danube, na herufi nimezijua ukubwani, kwenye magunia ya makaa. Lakini hata kuku sijapata kumnunua bila kumshika kifua.

Mama yako anasema umeuza duka na unahamia huko kuisimamia mwenyewe. Hapo ndipo pekee ulipotumia kichwa. Nyumba ya kupangisha ni ng'ombe wa maziwa, hakamuliwi kwa posta.

Nakutumia ule ubao. Unaukumbuka: wa mbao, una mchoro wa ufagio, ulikuwa ukining'inia mlangoni kwetu wakati nakulea. Anayekuwa nao wiki hiyo ndiye mwenye zamu: afagie ngazi zote, afute vishikio, akwangue theluji mlangoni, na Jumamosi jioni autundike kwa jirani. Hivyo ndivyo watu wasiopendana wanavyoishi ghorofa moja juu ya nyingine bila kuuana. Utundike siku ya kwanza, wapangaji wako wajue nyumba ina mwenyewe.

Hapa kwetu hauna kazi tena. Usiniulize kwa nini.

Ule chakula.

Bibi yako,
Rosina

*

Leipzig, 21 Julai 1996

Bibi mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa goti la Bibi Leni. Mimi sijambo, ila nimepungua mpaka suruali inadai mshipi. Ubao umefika salama, asante sana.

Ulikuwa umekasirika, na sikuandika mpaka niwe na habari njema. Habari njema ni kwamba malaika wapo, wawili, na mmoja bado ana pua. Mengine ni hivi. Nyuma ya plasta kuna ukungu unaotafuna mbao kama mchwa, na fundi anasema umeshafika kwenye maboriti ya ghorofa ya pili. Vyoo viko nje ya vyumba, kwenye mapumziko ya ngazi, kimoja kwa familia mbili. Hakuna mabomba ya joto, kila chumba kina jiko lake la vigae la kupashia joto na makaa yanapandishwa kwa ndoo kutoka chini ya nyumba. Madirisha sina ruhusa ya kuyabadilisha kwa sababu jengo ni la kale. Fundi wa paa alichukua malipo ya mwanzo akaenda likizo.

Nusu ya vyumba nilivikuta vitupu. Waliobaki ni Uhlig, dereva wa tramu, na familia yake. Wanamuziki wawili wanaopiga tarumbeta chooni kwa sababu ya mwangwi. Na ghorofa ya tatu yuko Bi Hertha Lohse, mjane, ambaye ni mzee hata kuliko wewe. Aliingia humo akiwa bibi harusi.

Niliutundika ubao kama ulivyoniagiza. Uhlig aliutazama, akasema, "Zamani tulikuwa na ubao wa chama, sasa tumeletewa ubao wa bwana." Wanamuziki wakacheka mpaka nikaona haya. Bi Lohse ndiye aliyeuchukua, akaufuta kwa aproni yake, akautundika kwake na kusema hatimaye kaja mtu.

Mimi nimepanga chumba ng'ambo ya barabara, chenye bafu. Ni kwa muda tu.

Mjukuu wako,
Gerold

*

Esslingen, 4 Agosti 1996

Gerold,

Sisi wazima. Leni amekatazwa keki na daktari na sasa anakula kwa kujificha, mwanamke mzima, nyuma ya kabati. Mama yako kapaka nywele rangi ya karoti. Usimwambie nimesema.

Nimecheka juu ya huyo Uhlig wako. Mtu anayeweza kukutukana vizuri namna hiyo ni mpangaji wa kushikilia. Anayekuchekea kila siku ndiye atakayehama usiku na kitasa mkononi.

Achana na malaika, panda darini. Paa kwanza, halafu mifereji ya mvua, halafu ndiyo huo ukungu. Maji yakishuka kutoka juu, kila unachokarabati chini unakipikia ukungu chakula. Na fundi humlipi kabla hajafanya kazi, unampa supu. Mtu aliyekula supu yako anaona aibu kukimbia. Wewe ulimpa fedha bila supu.

Nimesikia pia hilo la chumba cha ng'ambo chenye bafu. Nimelisoma mara mbili nikidhani macho yangu yamechoka. Mwenye nyumba anayepanga nyumba ya mwenzake ni kama mpishi anayetoka kwenda kula hotelini. Watu wanamwona akipita, na hawana njaa tena na chakula chake.

Huku mzee Häfele, mwenye nyumba wetu, alifariki tangu baridi, sikukwambia. Alikuwa bahili, lakini bomba likipasuka alikuja mwenyewe na spana, na viatu alivua mlangoni. Watoto wake waliuza, mzee hajakauka kaburini. Mnunuzi ni kijana avaaye viatu bila soksi. Aliingia jikoni kwangu na futi ya kupimia, nikiwa nakaanga vitunguu vya dengu, akapima ukuta kwa ukuta kama vile mimi ni kabati. Nikamwuliza kama anataka nipanue mikono anipime na mimi. Akasema, "Haina haja, mama."

Hayo si yako. Niambie, huyo Bi Lohse anakula nini? Nani anampandishia makaa?

Bibi

*

Leipzig, 20 Oktoba 1996

Bibi mpendwa,

Shikamoo, na unisamehe kwa kimya hiki kirefu. Mama ananiambia ana rangi ya shaba, si karoti. Natumaini uko salama na nyumba yenu imetulia.

Huku mambo yamekaza. Fundi wa paa alirudi, akafunika nusu, akasema nusu nyingine inataka fedha mpya. Benki haitoi fedha za ukarabati mpaka nyumba iwe tupu, na haiwi tupu kwa sababu mtu mmoja hataki. Uhlig wamehama, wamepata nyumba yenye mabomba ya joto. Wanamuziki nao wameondoka usiku na, kama ulivyosema, wameng'oa hata vitasa. Amebaki Bi Lohse.

Nimemtafutia chumba kizuri, Bibi, sikukaa bure. Kipya, chenye lifti, hatua chache tu na soko. Nilimwendea na maua. Akasema, "Lifti ya kunipeleka wapi, kijana? Mimi nimeshafika."

Wakili ananishauri nisimbughudhi wala nisigombane naye, niiache tu nyumba ijisemee yenyewe. Anasema baridi inakuja, na kuna mambo ambayo mwenye nyumba halazimiki kuyakimbilia. Ungekuwa wewe ungezungumza naye vipi? Wewe unajua lugha ya wazee.

Kuna jambo litakuchekesha. Uhlig siku ya kuhama waliuacha ubao kwa Bi Lohse, na kwa kuwa hakuna tena jirani wa kumtundikia, haujatoka hapo. Kila Jumamosi anafagia ngazi zote, kuanzia darini mpaka barabarani, hata mbele ya milango ya vyumba vitupu. Nilimwambia aache. Akanionyesha ubao kwa kidole, kama askari anayemwonyesha mtu alama ya barabarani.

Mjukuu wako,
Gerold

*

3 Novemba 1996

Gerold,

Leni mzima. Mama yako mzima. Salamu zimekwisha.

Umeniandikia nicheke. Nilimsomea Leni barua yako kwa sauti, na Leni, anayecheka hata mazishini, aliweka kikombe chini.

Nyumba ijisemee yenyewe! Nyumba haina mdomo, mwanangu. Anayesema ni wewe, ila umekodi mdomo wa wakili ili wako ubaki unanukia dawa ya meno. Na unataka nikufundishe lugha ya wazee, ili uitumie kumtoa mzee mwenzangu nje. Hata kuku wa kuchinjwa haombwi alete kisu.

Nikwambie huyo mama anafagia nini. Hafagii vumbi. Vumbi la wapi, mmeshawafukuza wote waliolileta. Anafagia ili siku ile iwe Jumamosi. Ubao uko mlangoni kwake, maana yake nyumba bado ina zamu, na kama ina zamu basi kuna wa wiki ijayo. Anakungoja uje uuchukue. Umri ule, kwenye ngazi zile, na ndoo, anamngoja mtu mwenye akili aje kumpokea.

Uvue kwake sasa hivi. Iweke chini barua hii, uvuke barabara, uuvue. Jirani yake ni wewe. Utundike mlangoni kwako, ufagie.

Utaniambia huna mlango mle ndani. Basi huna nyumba. Una picha.

Rosina

*

Leipzig, 15 Desemba 1996

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Theluji imeanguka mapema mwaka huu. Nimewatumia keki ya Krismasi ya huku. Bibi Leni apewe kipande chembamba.

Bi Lohse aliteleza kwenye ngazi Jumamosi iliyopita. Amevunjika nyonga. Mtu wa posta ndiye aliyemkuta. Yuko hospitali na wamemtia vyuma, wanasema hali yake si mbaya ukitazama umri. Bintiye anaishi Chemnitz, na ameanza kumtafutia makao ya wazee.

Fundi anasema tukilibomoa jiko lake kabla ya Krismasi, kazi yote itaanza Januari. Benki imeridhika.

Sikumfukuza, Bibi. Nataka ulijue hilo. Hakuna aliyemfukuza.

Gerold

*

18 Desemba 1996

Gerold,

Keki imefika.

Taa ya ngazi ilikuwa inawaka?

Bibi

*

20 Januari 1997

Gerold,

Krismasi imepita, mwaka umegeuka, na mama yako anasema simu yako inaita tu. Mimi nilikuuliza swali la maneno machache, hata bata bukini angeweza kulijibu kwa kichwa, ndiyo au hapana.

Usidhani nimekasirika. Nikikasirika ninaandika marefu. Nimekaa tu, nangoja. Nimekulea tangu unafika kwenye mpini wa ufagio, na nilijua ukivunja kikombe kwa vile ulivyonyamaza, siyo kwa vile ulivyolia. Sasa umenyamaza mpaka nasikia huku.

Jibu.

Bibi

*

Leipzig, 2 Februari 1997

Bibi,

Haikuwa inawaka.

Taa ya ghorofa ya pili iliungua Oktoba. Balbu nilikuwa nayo, imekaa kwenye dirisha la chumba changu cha ng'ambo, na kila asubuhi nikichemsha kahawa naiona, na nyuma yake naliona dirisha la Bi Lohse. Sikuwahi kujiambia simwekei. Nilikuwa najiambia kesho. Na barua yako ya Novemba niliisoma nimekaa papo hapo. Sikuuvua ubao. Nilisema Jumamosi hii haina haja, theluji bado.

Fundi alikuja na nyundo kubwa tarehe tuliyoafikiana. Nikapanda naye. Mlangoni kwa Bi Lohse ubao ulikuwa bado umening'inia, na ndoo iko pembeni, kitambaa kimekauka juu yake kama ngozi. Nikamwambia fundi arudi zake. Akaniita mwendawazimu. Nikakumbuka yale maneno yako ya supu, nikamwuliza kama amekula. Hakuwa amekula. Sasa anakuja Jumanne na Alhamisi, analimalizia paa, na benki tunaonana mwezi ujao. Nitawaambia nitakarabati chumba kimoja kimoja watu wakiwa ndani. Watakavyonitazama najua.

Nilikwenda hospitali. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Hakunitukana. Aliniuliza nani anafagia. Nikasema mimi. Ulikuwa uongo, Bibi, kwa hiyo nikarudi nikaufanya kuwa kweli.

Nimehamia mlango unaotazamana na wake. Kila siku naliwasha jiko lake ili mabomba ya maji yasigande. Mara ya kwanza nilijaza moshi mpaka watu wa barabarani wakataka kuita wazima moto. Bi Lohse kaniandikia kwa penseli namna ya kupanga makaa, na chini akaandika: *fungua dirisha, mjinga.* Nikaonana na binti yake, nikamwambia mlango upo na funguo ni zile zile. Madaktari wanasema Machi anaweza kurudi, kama kuna wa kumbebea makaa.

Swali lako nilikuwa silijibu kwa sababu nilijua ukishajua hutaniandikia tena.

Gerold

*

9 Februari 1997

Mume wangu mdogo,

Salamu, tena za kweli safari hii. Leni anakusalimu. Nimemsomea barua yako akalia, halafu akaomba keki, nikampa.

Wewe ni mpumbavu. Nalisema mapema ili lisitupotezee muda. Mtu aliyetazama balbu dirishani tangu majani ya miti yanaanguka mpaka theluji hawezi kuitwa jina lingine, na mimi si wa kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nyonga ya yule mama hutairudisha kwa moshi wa jiko. Utaibeba. Utaibeba pamoja na ndoo ya makaa, kila siku, na ukichoka utaibeba umechoka. Ati sitakuandikia tena. Ningekuwa naacha kuwaandikia wapumbavu, ukoo huu ungenijua kwa kaburi tu.

Sasa sikiliza na mimi, kwa sababu nami nimenyamaza.

Tangu Novemba barua zangu zinapigwa muhuri wa Plochingen, si Esslingen. Mji wenyewe niliacha hata kuuandika juu, na wewe fundi wa macho hukuona. Niko kwa Leni, barua zako posta inazileta huku, nalala kwenye kochi nyuma ya meza ya kupigia pasi. Yule asiyevaa soksi alizungushia nyumba yetu vyuma vya mafundi, akafunga madirisha kwa nailoni, akatutobolea kuta asubuhi mpaka jioni. Hakunifukuza, ukiona. Hakuna aliyenifukuza. Aliiacha nyumba ijisemee. Sheria ilikuwa upande wangu, Leni alinisomea, lakini sheria haikulala mle ndani na vumbi kooni. Nikatandika kitanda changu mara ya mwisho, nikafagia, nikamwekea funguo mezani.

Na ule ubao niliuokota kwenye pipa la taka. Alileta kampuni ya usafi tangu majira ya kuchipua na kusema ngazi sasa ni za kisasa. Ndiyo maana nikakutumia. Nikasema basi uende mahali ambapo kuna nyumba.

Sikukwambia, kwa sababu ulikuwa unaniuliza namna ya kumtoa bibi kizee, na nilitaka nione utajibu nini mwenyewe kabla hujajua bibi kizee ni nani. Umejibu vibaya, halafu umejibu. Nimeona.

Unatafuta wapangaji. Nachukua ghorofa ya kwanza kwa Uhlig. Magoti yangu hayajali choo cha ngazini, nimeishi na vibaya zaidi. Kodi nitalipa, usinipe huruma, na mkataba nautaka kwa maandishi makubwa. Nakuonya nitakuwa mpangaji mbaya: nalalamika, napika vitunguu, na paa likivuja nitapanda mimi mwenyewe nikushike sikio. Mwambie Bi Lohse nakuja na chumvi na mkate wa kumkaribishia nyumbani, na kwamba mambo ya kufungua dirisha ukiwasha jiko nitakufundisha ili asichoshe penseli.

Zamu naipanga mimi. Wiki ya kwanza yako. Ya pili yako. Ya tatu yangu. Ya Bi Lohse ubao utatundikwa mlangoni kwake kama kawaida, asije akadhani tumemtoa kwenye nyumba, na ngazi utafagia wewe.

Nakuja na treni ya Machi mosi. Usije stesheni, nina miguu. Kaa nyumbani, na nikiufungua ule mlango wa malaika wako asiye na pua, nikute taa inawaka.

Mpangaji wako,
Rosina Wekerle